Mtu Anayetembea Kichwani mwa Mama

Jumapili, 2 Machi

Mama mkwe amesema tena leo, mbele ya sahani ya ndizi na maharage, na mbele ya mtoto: "Kuna mtu anatembea kichwani mwangu."

Doris, binti yangu, ana miaka sita. Aliacha kijiko akamkodolea macho bibi yake juu ya kilemba, labda ataona nyayo. Baadaye akaniuliza chumbani iwapo mtu huyo anaweza kuhamia kwake wakilala kitanda kimoja. Nikamwambia ni maneno ya wazee tu. Mimi mwenyewe sijui ni maneno ya nini.

Ninaandika kwa sababu huku sina wa kumwambia. Primus, mume wangu, yuko chini kwenye mashamba ya miwa, kiwandani, na hupanda huku akipata Jumapili ya mapumziko. Mimi nilihamishiwa sekondari ya huku Mwika mwezi wa kwanza. Badala ya kupanga chumba, tukaona nikae na mama yake, Lukresia, anayeishi peke yake kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na ng'ombe mmoja. Nimeolewa miaka minane lakini mama huyu nilikuwa namjua kwa sikukuu tu. Siku za kawaida ni kitu kingine. Mimi ni mtu wa Kahe, wa tambarare. Kichagga cha huku sikijui, naye Kiswahili anakisema kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe: maneno ya katikati anayaacha, lakini ng'ambo anafika.

Mvua bado.

Jumanne, 4 Machi

Kidato cha Pili, tamathali za semi. Niliandika ubaoni tashibiha, sitiari, tashihisi, nikatoa mifano. Asha anakimbia kama swala. Asha ni swala. Upepo umemwimbia Asha. Shedrack wa dawati la nyuma, ambaye kila somo hulitafutia njia ya mkato, akanyoosha mkono.

"Madam, mbona rahisi. Ukiona 'kama', tashibiha. Usipoiona, sitiari. Kitu kikifanya mambo ya watu, tashihisi. Tumemaliza, tukacheze."

Darasa likampigia makofi. Nikaandika: Mgeni alifika kama saa mbili.

"Haya, Shedrack. Mgeni amefananishwa na nini?"

"Na saa mbili," akasema, kisha akajisikia mwenyewe, akaketi. Tulicheka mpaka mwalimu wa hesabu akachungulia dirishani.

Niliwaeleza kwamba "kama" ina kazi nyingi. Hukadiria, huweka sharti, na siku nyingine ndiyo hufananisha. Kwa hiyo usiitafute 'kama', tafuta vitu viwili, kimoja kimeazima sura ya kingine. Wakaelewa, au wakachoka. Epifania, binti mpole wa mbele, akauliza kuhusu "mvua imegoma". Nikamjibu ni tashihisi, maana kugoma ni kazi ya watu.

"Lakini nyumbani sote tunasema hivyo, madam. Hatujui kwamba tunapamba."

Kengele ikaniokoa.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Hakuna kingine.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imefika. Mama alikuwa akitoka zizini na ndoo, nikamwona amesimama katikati ya mteremko, mkono kwenye shina la mgomba, maji yanamtiririka usoni. Nikapiga kelele kutoka jikoni aje ndani.

"Kilima kimerefuka," akasema.

"Mama, unalowa!"

"Kimerefuka tangu juzi, mwanangu. Wewe hujakiona?"

Nikashuka nikachukua ndoo. Niliudhika. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, na mama mkwe anayesimulia habari za kilima badala ya kusema amechoka.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Matope hadi kwenye fundo la mguu. Yule mtu wa kichwani, kwa mujibu wa Mama, ametembea tangu asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja Thadeus, kaka yake Primus, kifungua mimba wa nyumba hii. Ana duka la vipuri vya pikipiki Himo. Ni mtu mkubwa mwenye sauti ya kuuzia barabarani, na hata akinong'ona majirani wanapata habari. Alimletea mama yake sukari, mkate na dawa zake za magoti, kama afanyavyo kila anapopanda.

Tulikuwa tunakula vizuri mpaka Doris aliposema: "Baba mkubwa, Bibi anakula ukuta."

Nikatazama jikoni. Ni kweli. Jiko la zamani limekandikwa udongo, na pembeni mwa mlango kuna shimo linaloongezeka. Nilidhani ni kuku.

"Mdomo ndio unautaka udongo," Mama akasema bila haya. "Mimi simo."

Thadeus aliweka kijiko chini. Baada ya chakula akaniita nje, kwenye miti ya kahawa.

"Shemeji, shangazi yetu alianza hivi hivi. Alisema redio inamwita jina. Tukacheka. Siku moja akatoka bila kusema, tukamkuta bondeni." Akavunja kijiti cha kahawa bila kujua anakivunja. "Atafutwe mtu wa kukaa naye mchana ukiwa shuleni. Na geti liwe na kufuli."

"Umfungie mama yako ndani ya kihamba chake mwenyewe?"

"Bora kufuli kuliko bonde."

Aliondoka bila kumaliza chai. Nilimwona mtu mgumu, mwenye haraka ya kumwandikia mama yake ugonjwa ili ajue pa kumweka.

Alhamisi, 20 Machi

Niliomba ruhusa nikampeleka Mama zahanati. Foleni ilikuwa ndefu na mvua ilipiga bati hata watu wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele.

"Bibi, unasikia sauti?" muuguzi akauliza.

"Ndiyo."

"Sauti ya nani?"

"Ya mtu."

"Anakwambia nini?"

"Hasemi. Anatembea tu. Nikipanda, anakimbia."

Muuguzi akanitazama mimi, siyo yeye. Nikaongeza habari ya udongo na ya kilima kilichorefuka, nikidhani ninasaidia. Tukapewa rufaa ya kliniki ya afya ya akili, baada ya Pasaka. Hakuna aliyemshika mkono wala kumpima chochote, na mimi sikuona ajabu.

Njiani Mama alisimama mara nyingi. Hakuniuliza rufaa ni ya nini.

Jumatatu, 24 Machi

Mto umechukua daraja la miti. Nusu ya darasa haikuja. Nilipotoka shule nilimkuta Mama amelala, saa tisa mchana. Mama huyu ambaye huwaita wanaolala mchana mizigo.

Jumanne, 1 Aprili

Thadeus ameleta kufuli, amelifunga getini kwa mikono yake na kumkabidhi ufunguo binti wa jirani, Kindness, atakayeshinda na Mama. Mama alitoka akasimama mbele ya kufuli. Nilijua atapiga kelele. Nilitamani apige.

Akalitazama linavyoning'inia. "Maskini," akasema. "Linaona haya. Angalia linavyotazama chini."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Thadeus hakucheka, aliingia kwenye gari lake. Mama akarudi ndani polepole, akishika kila kitu alichopita.

Tangu jioni nalifikiria lile neno. Mtu ambaye akili inamtoka anaweza kulitazama kufuli, akaona lisivyo na shingo, akalipa shingo, akalipa na aibu, akatuacha sisi tuliolifunga tuone wenyewe aibu ni ya nani? Wanafunzi wangu arobaini na kitu hakuna hata mmoja aliyenipa mfano wa namna hiyo.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo naandika kirefu.

Darasani tulikuwa kwenye marudio. Niliwapa sentensi, nao wanataja: hii sitiari, hii tashihisi. Shedrack amekuwa hodari siku hizi, lakini ubishi haujamtoka. Nilipowapa "Mizimu inacheza mlimani", akasimama.

"Madam, hii inategemea nani anasema. Mimi nikisema, napamba. Lakini kuna mtu anayeamini mizimu inacheza kweli. Huyo hafananishi, anatoa taarifa. Sentensi ni ile ile. Sasa nitajuaje?"

Nikaanza kuzungumzia muktadha. Epifania akageuka kwenye kiti chake akamjibu, kana kwamba ni jambo dogo: "Si unamwuliza."

Sikumbuki nilifundisha nini baada ya hapo. Nilipanda nyumbani na mwavuli umepinduliwa upande mmoja na upepo, nikamruhusu Kindness aende kwao, nikavuta kigoda mbele ya Mama aliyekuwa akiota moto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Mama, huyo mtu anayetembea kichwani mwako. Ni mtu, au ni kama mtu?"

Alinikazia macho. Halafu akacheka, kicheko cha tumboni ambacho sijawahi kukisikia tangu nihamie, mpaka pumzi ikamwishia akashika kifua.

"Mtu ataingiaje kichwani, Mama Doris? Apite mlango gani? Hili sikio?"

"Mbona muuguzi ulimwambia kuna mtu?"

"Aliuliza sauti ya nani. Nikasema ya mtu, anatembea. Ndivyo inavyolia! Nyinyi mna hiyo kama-kama yenu. Mimi sina muda nayo."

"Anatembeaje? Nionyeshe."

Akagonga ubao wa kigoda kwa vidole viwili. Dum-dum. Dum-dum. Haraka kuliko nilivyotegemea.

"Hata sasa anatembea?"

"Hata sasa."

"Endelea kugonga, Mama. Mfuate yeye, usimpite."

Nikamshika kifundo cha mkono wa pili nikatafuta mshipa. Mkono wake ulikuwa wa baridi mbele ya moto. Mshipa ukapiga chini ya kidole changu, na vidole vyake vikapiga ubaoni, pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Nikamwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Akarudi anahema. "Sasa anakimbia," akasema. Mshipa nao ulikuwa unakimbia.

"Mama, siyo mtu. Ni moyo wako. Unausikia moyo wako."

Akaweka kiganja kifuani. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo mara hii haikuwa na mzaha: "Moyo wangu umepanda kichwani kutafuta nini?"

Sasa nilijua namna ya kuuliza. Nikafanya kama tufanyavyo darasani. Nilichukua sentensi yake moja moja nikauliza: hapa, Mama, kitu chenyewe ni kipi? Kilima kimerefuka? Pumzi inakatika kabla ya kufika jikoni. Mdomo unautaka udongo? Hapo hakuna pambo, ni udongo kweli na hamu kweli, akiukosa analiona jiko hata akifumba macho. Nikamwuliza kama kuna jingine lolote, hata la aibu.

Akamtuma Doris alete maji. Akainama kwangu.

"Choo changu kimevaa kaniki."

Ilinichukua muda. Kaniki ni ile shuka nyeusi waliyovaa mama zetu wakienda shambani, wengine wakiivaa msibani.

"Cheusi, Mama?"

"Kama chungu cha kupikia pombe ya mbege." Hiyo kama aliipata bila shida. "Tangu Jumatano ya Majivu. Nikasema basi, kimefunga Kwaresima pamoja nami, kitavua Pasaka."

Bibi yangu wa Kahe alitapika weusi wa namna hiyo kabla ya kufa, nikiwa mdogo. Najua ni damu. Nikamwuliza ni dawa gani anazotumia. Akatoa chini ya mto mfuko wa dawa za magoti: asubuhi na jioni tangu Krismasi, na magoti yakilia zaidi anaongeza. Mara nyingi bila chakula, maana hamu hana.

Nilimpigia Thadeus. Nilimweleza bila kupamba: mama anavuja damu tumboni, damu imepungua hadi anatamani udongo, moyo unasukuma kwa nguvu ndiyo maana anausikia. Huenda ni dawa za magoti. Nilisubiri anibishie.

Hakubisha hata neno moja.

"Nakuja alfajiri," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Shemeji, usimwache alale peke yake."

Jumamosi, 5 Aprili, Moshi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sijaoga tangu jana.

Jana asubuhi Mama aliinuka kitandani kwenda kuvaa, akaanguka. Hakupiga kelele, alishuka tu kama nguo inayoteleza kwenye msumari. Doris alilia. Thadeus alikuwa amefika getini, kufuli limefungwa, na ufunguo Kindness alikuwa ameondoka nao jioni. Hakungoja. Alilivuta lile geti na bawaba zake, mbao zikapasuka, akaingia akambeba mama yake kifuani kama mtoto. Doris nilimwachia mama yake Kindness, nikapanda nyuma ya gari na mablanketi.

Barabara ya chini ilikuwa uji. Tulikwama mara mbili, na mara ya pili vijana waliokuwa wakipeleka majani ya ng'ombe wakatusukuma bila kuulizwa. Tulipoingia kwenye lami Himo, Thadeus akasema, macho mbele: "Nilikuwa namletea mwenyewe. Kila nilipopanda. Nikifika anafurahi, nikajua ninafanya jambo."

Nilimvutia Mama blanketi. Nilimwona kwenye kioo anavyojifuta kwa kiganja. Kwa wiki hizi zote nilidhani mtu huyu anatafuta mahali pa kumweka mama yake.

Daktari aliyetupokea anaitwa Crispin, kijana, amevaa miwani, si mtu wa huku. Alimwuliza Mama anajisikiaje, na Mama, amelala hajiwezi, akamjibu: "Taa inanifumbia macho yake." Daktari akanigeukia. Safari hii nilikuwa tayari. Nikamwambia: anasema anaona giza linakuja na kuondoka. Nikamwambia pia, kwa maneno ya kawaida, sauti inayokwenda na mshipa, pumzi, udongo, choo cheusi, na dawa. Nikampa ule mfuko mkononi.

Hakuwa na maringo. Alivuta chini ngozi ya jicho la Mama, ndani palikuwa peupe kama karatasi. Akasema, "Mmewahi, lakini kidogo tu mngechelewa." Damu ilikuwa tano. Mtu wa kawaida, akasema, ana kumi na mbili na zaidi.

Kundi lake la damu lilikuwa limepungua kwenye akiba. Thadeus alivua koti kabla muuguzi hajamaliza sentensi. Primus alifika kutoka kiwandani na buti za kazi, naye akatoa. Walilala vitanda viwili vya jirani, kaka na mdogo wake, mikono imenyooshwa. Baadaye nikamsikia Primus akisema, "Bro, hukujua." Na Thadeus: "Najua sikujua. Haisaidii."

Chupa ya kwanza imekwisha mchana huu. Nilimkuta Mama amefumbua macho anasikiliza kitu.

"Amepunguza mwendo," akaniambia.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, pale ambapo hakuna mtu.

Jumapili, 6 Aprili

Chupa nyingine. Midomo yake ina rangi. Mvua Moshi hakuna, ipo juu tu, tunaiona.

Jumatano, 9 Aprili

Wamempitisha mpira wenye kamera tumboni. Ni kidonda, kinavuja taratibu, wamekiziba. Lakini Daktari Crispin amekata kinyama kidogo kukipeleka maabara. "Kwa umri wake lazima tuhakikishe siyo saratani," akasema. "Sitaki kuwaficha."

Majibu baada ya wiki mbili au tatu. Tumetoka ofisini mwake na ile furaha imekatwa katikati.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumemrudisha nyumbani. Dawa za magoti marufuku. Amepewa za tumbo na za kuongeza damu. Daktari amefuta mwenyewe ile rufaa ya kliniki ya akili.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mvua imetupisha, misa imejaa. Mama amekwenda kwa gari la Thadeus, akakaa kiti cha mbele kama bibi harusi.

Baada ya chakula Thadeus alikuwa anatengeneza geti alilolivunja. Kufuli halikurudi. Mama alivuta kiti akakaa karibu yake, mimi nilikuwa naosha vyombo dirishani. Alianza kwa Kichagga, kisha, nadhani kwa ajili yangu, akahamia Kiswahili.

"Tangu tutoke hospitali hunitazami usoni."

"Nakutazama, Mama."

"Unatazama misumari." Akangoja. "Nilipiga kelele magoti yananiua. Wewe ukanisikia. Ungeniacha nilie?"

Nyundo ya Thadeus ilisimama hewani.

"Na hili la kufuli," Mama akaendelea, "ulidhani nitakufa bondeni kama shangazi yako. Si ungesema unaogopa? Mimi nikikosa neno nachukua lingine. Wewe ukikosa neno unachukua kufuli."

Thadeus akapiga magoti pale pale kwenye matope, mtu mzima wa futi sita, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Mama akampigapiga mgongoni, kama mtu anayemwondolea mtoto kwikwi. Niliondoka dirishani.

Alhamisi, 24 Aprili

Majibu bado. Mama anakula. Mimi silali.

Jumatatu, 28 Aprili

Simu ilikuja nikiwa darasani. Huwa sipokei simu darasani. Nilipokea.

Siyo saratani.

Daktari Crispin alirudia mara mbili. Ni kidonda cha dawa, na vijidudu vya tumboni ambavyo dawa anazomeza zinavimaliza. Nilimshukuru, nikakata, nikawageukia wanafunzi na machozi yananitoka hovyo. Wakaogopa.

"Madam, kuna msiba?" Epifania akauliza.

"Hapana. Mama yangu amepona."

Nikajisikia nimesema mama yangu, siyo mama mkwe. Shedrack akaanzisha makofi, wote wakafuata. Nikawaachia kipindi kilichobaki, wakacheze. Nilikwenda nyumbani nikikimbia kwenye matope na viatu mkononi.

Mama alikuwa kwenye kahawa, anakagua matunda mabichi. Nilimwambia. Akafanya ishara ya msalaba, akashika tawi, akakaa chini taratibu kwenye majani yenye maji. Nikakaa naye. Tulilowa wote wawili, na hatukuwa na haraka ya kuinuka.

Ijumaa, 9 Mei

Niliwapa darasa sentensi bila kusema ni ya nani: Choo changu kimevaa kaniki. Kwanza ikabidi nieleze kaniki. Kisha wakacheka kwa muda. Shedrack akasema tashihisi, maana choo hakivai nguo. Epifania akasema pia ni tafsida, kwa kuwa msemaji anaona haya kutaja jambo lenyewe. Wote wawili wako sawa, nikawaambia, tamathali mbili zinaweza kukaa katika sentensi moja.

"Lakini kazi yenu haijaisha mkishataja jina," nikasema. "Ulizeni nini kimetokea kwa huyu mtu."

Wakafikiri. Shedrack ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Anaumwa."

Jumapili, 18 Mei

Jua siku nzima. Primus amekuwepo. Tumeanika kila kitu tulichonacho.

Ijumaa, 23 Mei

Leo ilikuwa siku ya kurudi kwa daktari. Tulikwenda Mama, Thadeus na mimi. Damu imefika kumi na moja na kitu. Thadeus akaomba aandikiwe namba kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfuko wa shati.

Daktari Crispin alivuta kiti mbele ya Mama. Amempenda, inaonekana. Wauguzi wanasema huwasimulia wenzake zile kauli zake. Aliweka kalamu tayari, na mimi nikajiweka tayari pembeni, kwa tafsiri.

"Haya, Bibi. Leo unajisikiaje?"

"Mzima."

Daktari akangoja. Mimi nikangoja. Thadeus akasogeza kichwa mbele.

"Mzima kama nini?" daktari akauliza, anatabasamu.

Mama akamtazama kijana yule kwa huruma kidogo, jinsi anavyotazamwa mtu mwenye elimu aliyeuliza jambo ambalo halina swali.

"Mzima," akarudia. Akachukua mkoba wake, akainuka bila kushika ukuta, akatutangulia mlangoni.